Ushabiki wa Lugha za Programu na Mteja wa Malindi

Vijana wanaotengeneza programu za kompyuta hapa Malindi hawakosi jambo la kubishania, na linalowachemsha kuliko yote ni lugha ipi ya programu, yaani ya kuiandikia kompyuta maagizo, inafaa kutumiwa. Mmoja ataapa kwamba asiyejua Python ameachwa nyuma na wakati. Mwingine atajibu kwamba Python ni ya darasani, na kwamba tovuti za hoteli, za maduka ya vifaa vya ujenzi na za shule za kibinafsi, kuanzia mjini hadi Watamu, zinaendeshwa kwa PHP kila siku bila makelele. Wa tatu atawacheka wote wawili, kwa kuwa JavaScript inafanya kazi ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, na pia kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti yenyewe, basi ya nini mtu kujitwisha lugha mbili? Nyuma ya mabishano haya kuna hoja mbili zinazostahili kupimwa kwa makini. Ya kwanza inadai kwamba lugha ni chombo tu, na fundi hodari atajenga mfumo imara kwa lugha yoyote atakayopewa. Ya pili inadai kwamba lugha ndiyo inayoamua makosa yapi yatagunduliwa mapema na yapi yatapita kimyakimya, kwa hiyo kuichagua vibaya ni kuanza kazi ukiwa tayari na kasoro. Kila moja ina ukweli wake, ila naona zote mbili zinamsahau mteja.

Ushabiki wenyewe si mgeni. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyeheshimiwa sana katika sayansi ya kompyuta, aliandika kwamba mwanafunzi aliyeanzia lugha ya BASIC karibu haiwezekani kumfunza kuandika programu nzuri, kwani akili yake imekwisha haribiwa. Kizazi kizima kilichoanzia BASIC kikaja kumkanusha kwa kazi zake. Na hizi zinazogombaniwa leo hazikuteremka kutoka mbinguni. Brendan Eich aliunda toleo la kwanza la JavaScript kwa siku kumi mnamo Mei 1995 alipokuwa Netscape, kampuni ya kivinjari, naye Rasmus Lerdorf, aliyeitoa PHP mwaka huohuo, alianza na vijiprogramu vya kutunzia ukurasa wake mwenyewe wa mtandaoni, wala hakuwa amekusudia kuunda lugha. Python ya Guido van Rossum, iliyotolewa mwaka 1991, ilipangwa kwa utulivu zaidi, na utulivu huo unaonekana. Tofauti za malezi kama hizi huonekana zaidi pale lugha inapokutana na data mbovu, na data mbovu ndiyo riziki ya kila siku ya anayetengeneza mifumo ya biashara.

Chukua mfumo mdogo wa nyumba ya wageni unaojumlisha bei ya chumba, shilingi 4500, na ada ya kumchukua mgeni kutoka uwanja wa ndege, shilingi 500. Bei ya chumba imetoka kwenye fomu ya mtandaoni, na kinachotoka kwenye fomu huwa ni maandishi, si namba, hata kama machoni ni tarakimu tupu. Mwandishi wa programu akisahau kuyageuza kuwa namba, JavaScript itayaunganisha maandishi hayo na ile 500 kama mtu anayebandika karatasi mbili, na mgeni ataonyeshwa deni la 4500500, yaani shilingi milioni nne, laki tano na mia tano. PHP itakisia kwamba ulikusudia namba, na itatoa 5000, jibu sahihi kabisa. Python itakataa. Itasimama palepale na kutangaza kwamba maandishi na namba havijumlishwi, na ukurasa wa kulipia hautafunguka.

Anayetazama juujuu atasema PHP imeshinda. Lakini karani akiandika bei kwa mkato, 4,500, kama sote tunavyoandika, PHP itasoma tarakimu zilizotangulia mkato, yaani 4, iongeze 500, na mgeni atadaiwa shilingi 504. Itatoa onyo, ni kweli, ila kwenye seva nyingi zinazotumika maonyo hayo huzimwa yasionekane na wageni, basi hayaonwi na mtu. Hapo ndipo uzito wa kila kosa unapobadilika. Deni la milioni nne halilipiki kwa M-Pesa, ambayo kikomo chake kwa muamala mmoja ni shilingi 250,000, na hata kama lingelipika, mgeni angepiga simu kwa hasira na kosa likajulikana siku hiyohiyo. Shilingi 504 zitalipwa haraka na kwa furaha, na mwenye nyumba atagundua pengo mwisho wa mwezi, kama atagundua. Python nayo, kwa kusimama, huenda imempoteza mgeni mmoja usiku wa Desemba wakati vyumba vinapogombaniwa. Kwa maoni yangu, panapohusika fedha, bora mfumo unaosimama kuliko unaoendelea kwa kukisia, ingawa mwenye hoteli aliyepoteza mgeni huyo ana haki ya kuniona sijui biashara.

Kwa hiyo anayesema lugha zote ni sawa hajazitazama kwa karibu. Taabu ni kwamba wapinzani wake hupenda kuruka kutoka mfano wa namna hii hadi dai kubwa, kwamba programu zilizoandikwa kwa lugha kali, zile zinazolazimisha kila data itangazwe aina yake, kama ni namba au maandishi, kabla ya kutumika, ni bora kwa jumla. Ushahidi haujawabeba kiasi hicho. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Baishakhi Ray walichunguza mamia ya miradi ya programu katika lugha 17, iliyohifadhiwa GitHub, ghala la mtandaoni la waandishi wa programu, wakaripoti kwamba baadhi ya lugha zinahusiana na kasoro nyingi kuliko nyingine, ijapokuwa wao wenyewe walikiri kwamba athari hiyo ni ndogo. Matokeo yao yalinukuliwa kila mahali, na kule kukiri kwao kukaachwa. Mwaka 2019 watafiti wengine, wakiwamo Emery Berger na Jan Vitek, walirudia uchambuzi huo, na sehemu kubwa ya matokeo ikayeyuka. Zilibaki lugha nne tu zenye uhusiano wa kitakwimu na idadi ya kasoro, tena uhusiano mdogo mno. Katikati ya tafiti hizo mbili, mwaka 2017, ulitoka mwingine ambao mimi nauona wa manufaa zaidi kwa sababu swali lake lilikuwa finyu. Watafiti walichukua kasoro za JavaScript ambazo tayari zilikuwa zimegunduliwa na kurekebishwa katika miradi ambayo maandishi yake ya programu yako wazi kwa yeyote, wakauliza ni ngapi zingezuiwa mapema kama waandishi wangetangaza aina za data kwa kutumia TypeScript au Flow, nyongeza mbili za JavaScript za kutangaza na kukagua aina hizo. Jibu lilikuwa kama asilimia 15.

Asilimia 15 si haba. Ni kasoro ambazo zingekamatwa na kompyuta kabla ya mteja kuziona, na asiyetaka msaada huo wa karibu bure anajionea raha ya kubishana. Hata hivyo asilimia 85 zilizobaki hazingezuiwa kwa njia hiyo, na zipo kasoro ambazo lugha haiwezi kuzizuia: bei iliyosahauliwa kubadilishwa msimu ulipogeuka, chumba kimoja kilichouzwa kwa wageni wawili, kodi iliyokokotolewa kabla ya punguzo badala ya baada yake.

Wapenzi wa lugha kali wakumbuke pia yaliyoipata roketi ya kwanza ya Ariane 5, ya Ulaya, tarehe 4 Juni 1996. Jina Ariane si geni kwetu, maana kituo cha Waitaliano kilichoko upande wa Ngomeni kimekuwa miongoni mwa vituo vinavyofuatilia safari za roketi hizo zinaporushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ile ya kwanza haikufika popote pa kufuatiliwa, kwani ililipuka kabla ya kutimiza sekunde 40 angani. Programu ya kuiongoza iliandikwa kwa Ada, lugha iliyobuniwa mahususi kwa ukali na usalama. Namba iliyohusu mwendo wa kando wa roketi, iliyotengewa nafasi ya biti 64 katika kompyuta, iligeuzwa kuwa ya biti 16, nafasi ndogo zaidi, haikuenea humo, na mfumo ukazima. Sehemu hiyo ya programu ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambayo haikuwahi kufikia mwendo wa kiasi hicho, na kinga ambayo Ada ingeitoa haikuwekwa kwa namba hiyo ili kuipunguzia kompyuta mzigo. Lugha ilikuwa na mlango, binadamu wakauacha wazi kwa sababu zilizoonekana za busara siku ile.

Sasa nirudi kwa mteja, ambaye ndiye anayelipa. Mwenye hoteli ya vyumba kumi na viwili hanunui lugha. Ananunua mfumo utakaomfaa miaka mitano au saba, wakati kijana aliyemwandikia huenda baada ya miaka miwili akawa Mombasa au Nairobi, au yuko hapahapa lakini anafanyia kazi kampuni ya ng'ambo na hapokei tena simu za hoteli. Upendeleo wa mwandishi wa programu mara nyingi hutazama kazi ijayo kuliko hii aliyo nayo. Anataka kuonyesha katika maombi yake kwamba amewahi kujenga mfumo kamili kwa lugha inayotafutwa na waajiri, na tovuti ya hoteli ndiyo nafasi aliyoipata. Silioni hili kuwa ni hila. Malipo ya kazi hizi mjini kwetu ni madogo, na ujuzi anaoupata kijana ni sehemu ya ujira wake. Mteja anayetaka kazi ya bei ya chini asishangae kwamba fundi amejilipa kwa njia nyingine. Lakini gharama ya masomo hayo inabaki kwa mwenye hoteli, naye hakuulizwa.

Kwa kipimo hiki PHP ina nguvu ambayo mashabiki wa lugha mpya hawapendi kuitaja. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti iliyoandikwa kwa PHP na kutolewa mwaka 2003, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na huduma za bei nafuu za kuhifadhi tovuti karibu zote zinaipokea bila mteja kuhitaji kukodi seva yake peke yake. Fundi mmoja akiondoka, atapatikana mwingine. Ila wingi huu una udanganyifu wake. Wengi wanaojiita mafundi wa PHP wanajua kupachika programu-jalizi, yaani nyongeza zilizokwisha tengenezwa na wengine, na kubadilisha rangi. Ukiwafungulia msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, na kuwauliza zile shilingi 504 zimetoka wapi, watakuambia bora uanze upya. Mhitimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi anayeisoma Python vizuri anaweza kumfaa mteja kuliko mafundi wengi wa kupachika.

Linalonishangaza ni kwamba mashabiki wanagombania lugha ambazo, kwa kiasi kikubwa, hazipo tena. PHP inayotukanwa ni ya zamani. Tangu PHP 7 ilipotoka Desemba 2015, mwandishi anaweza kutangaza aina za data hata za tarakimu na kuitaka lugha ikatae kukisia zinapopitishwa kwenye vitendaji vyake, yaani vipande vya programu vinavyofanya kazi moja moja. Python nayo, inayosifiwa kwa wepesi wa kutotangaza chochote, mwaka huohuo wa 2015 iliingiza katika toleo la 3.5 njia rasmi ya kutaja aina kwa anayetaka. JavaScript ilipata TypeScript kutoka Microsoft mwaka 2012. Zote zinaelekea pamoja. Wala hakuna iliyomlinda mtumiaji wake dhidi ya uzee: Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na mifumo ambayo haikuwa imehamishiwa toleo la 3 ikabaki bila marekebisho ya usalama.

Ya programu za simu sitayarefusha, kwa sababu hapo uamuzi hufanywa na wengine. Google iliitambua rasmi lugha ya Kotlin kwa simu za Android mwaka 2017 na kuipa kipaumbele mwaka 2019, na kijana wa hapa akitaka kuishi kwa kazi hiyo hana sababu ya kushindana na upepo. Programu za akili mnemba zinazosaidia kuandika msimbo nazo zinaelekea kuziimarisha lugha zilizo maarufu tayari, maana zimefunzwa kwa maandishi mengi zaidi ya Python na JavaScript kuliko ya lugha ndogo, na anayeanza leo ataona zile za kwanza ni nyepesi kuliko zilivyo.

Kwa tovuti ya kuonyesha vyumba, bei na picha za ufuo, PHP inatosha, na sijasikia hoja ya maana ya kumlipisha mwenye hoteli zaidi ya hapo. Kwa sehemu inayopokea fedha na kutunza hesabu, ningekubali Python au TypeScript hata kama mafundi wengi wa mji wanaandika PHP, mradi aina za data zimetangazwa, majaribio ya hesabu yameandikwa, ile ya 4,500 yenye mkato ikiwamo, na kabla ya malipo ya mwisho fundi wa pili, atakayetajwa kwa jina kwenye mkataba, ameufungua msimbo na kuubadilisha jambo moja dogo mwenye hoteli akitazama. Na akitokea kijana ambaye amefanya yote hayo kwa PHP yenye masharti makali, sina sababu ya kumwambia abadilishe lugha.