Mkeka wako wa gofu unakudanganya

Jumamosi, shimo la 18, la mwisho, pati (ule mpigo mfupi wa kuuviringisha mpira shimoni) ya mita moja na ushee, na soda za watu wanne zinangoja mezani. Nikakosa. Mpira ulichungulia shimo, ukaenda zake. Soda nililipa, hainiumi. Kinachoniuma ni kwamba usiku wake nilikuwa nimeingiza pati 40 mfululizo sebuleni, kwenye ule mkeka wa kijani unaokurudishia mpira mwenyewe. Hata kuinama huinami, bwana mkubwa!

Sasa jamani, pati ya 40 itakosaje kuingia, na 39 umeshazipiga kutoka palepale? Uwanjani unapewa moja tu. Hata wale wa PGA Tour, mashindano ya wacheza gofu wa kulipwa Marekani, wanaokula kwa kazi hiyo, wakiwa futi 8 wanaingiza kama nusu. Wewe na kaptula yako unaingiza zote, na hushtuki?

Jumapili nikaukunja mkeka, nikautupa uvunguni. Nikamwita binti yangu wa miaka 12, ambaye uwanja wa gofu anauona akiwa kwenye daladala. Tukalaza kikombe cha plastiki sakafuni. Mdomo wake kama sentimita 7. Shimo la kweli lina milimita 108, kwa hiyo ukizoea kikombe, shimo utaliona pipa. Kila mtu mpira mmoja. Mwenye zamu anachagua pa kupigia: nyuma ya kochi, chini ya meza, popote, ila pakishatumika pamekufa. Ukiingiza, mwenzako naye apige kutoka hapohapo. Akikosa, unachukua kete moja ya bao. Ukikosa wewe, unarudisha moja. Wa kwanza kufikisha kete saba ameshinda, na aliyeshindwa anaosha vyombo.

Pamoja na sufuria la ugali. Hilo msilipunguze! Tulijaribu siku moja bila adhabu, tukawa tunapiga huku tunatazama taarifa ya habari. Likirudi sufuria, mkiwa sita kwa sita, kiganja kinaloa jasho lilelile la shimo la 18. Jasho hilo haliuzwi dukani pamoja na mkeka.

Halafu sakafu. Fundi wetu aliiinamisha kuelekea mlangoni ili maji ya deki yatoke, basi kila mpira unakatia kushoto. Miaka yote nimemsema vibaya yule mzee.

Haya, mkeka unamsaidia anayeanza kunyoosha mkono. Wiki mbili. Tatu, kama ni mbishi. Wenye taa za leza na programu za simu, mna hela, hongereni.

Jioni tano, sufuria nimeosha mara nne. "Baba, mla ni mla leo," ananiambia, kitambaa cha vyombo ananitupia begani. Jana alitaka tupigie jikoni, mpira ugonge ukuta wa korido ndipo uingie sebuleni. Nikapinga kwa sauti ya mwenye nyumba. Akaniletea karatasi ya kanuni nilizoandika kwa mkono wangu, nionyeshe panapokataza.

Nimeisoma mara mbili. Hapapo.