Fimbo ya samoni: tazama maungio kabla ya dhamana

Wapo watu wa Moshi na Arusha wanaokwenda kuvua samoni Norway au Scotland, hasa waliopata masomo huko na waongoza watalii walioalikwa na wageni wao. Wakiuliza fimbo gani ya mikono miwili itadumu, jibu ni lilelile: chukua ya bei mbaya, ina dhamana ya maisha. Mimi sikubaliani nalo.

Dhamana hiyo mara nyingi ni ya mnunuzi wa kwanza tu, na hata yeye hutozwa ada fimbo ikivunjika. Ongeza nauli ya kutuma bomba refu lenye fimbo ndani kutoka Moshi hadi Ulaya na kulirudisha, halafu forodha. Dhamana ya namna hiyo inamfaa anayeishi jirani na duka.

Isitoshe, samaki ni nadra kuvunja fimbo. Inavunjwa na mlango wa gari, na chambo kizito cha manyoya kinachoigonga kikiruka, na mvuvi anayeisimamisha wima samaki akiwa karibu na miguu yake. Ndoano ikinasa kwenye jiwe, elekeza fimbo kwenye jiwe hilo uvute mshipi kwa mkono, usiikunje fimbo. Fimbo nyepesi na ngumu, zile zinazosifiwa sana, kuta zake za kaboni ni nyembamba. Alama ndogo ya kugongwa leo inakuwa ufa kesho. Mimi ningechukua nzito kidogo, inayopinda taratibu hadi karibu na mshikio.

Sasa maungio. Fimbo hizi huwa na vipande vitatu au vinne, na mrusho wa Spey, ule usiorusha mshipi moja kwa moja nyuma ya mvuvi na uliopewa jina la mto wa Scotland, unavisokota kila unaporusha. Ungio likilegea bila wewe kujua, mdomo wa kipande cha nje unapasuka. Ndiyo maana wavuvi wazoefu huzungushia maungio utepe wa plastiki na kuyakagua kila baada ya muda.

Ukikutana na fimbo ya mtumba, iwe pale soko la Memorial mjini Moshi au kwa mgeni anayepunguza mizigo, iunganishe kabla ya kutaja bei. Kuna maungio yenye kijiti ndani: hayo yanatakiwa yaache nafasi ndogo kati ya vipande viwili. Nafasi ikiwa imekwisha na vipande vinagusana, ungio limelika. Itikise, usikilize kama inagonga. Kisha pitisha uzi wa pamba ndani ya kila pete inayopitisha mshipi. Ukikwaruzika, pete ina mkwaruzo na itakula mshipi wako. Pete si tatizo kubwa, fundi mwenye uzi imara na gundi ya epoksi anaifunga nyingine. Ungio lililopasuka ni habari nyingine, hapo mwache muuzaji na fimbo yake.

Urefu usikusumbue: futi 13, namba 8 au 9 (namba ni uzito wa mshipi unaoifaa fimbo), inatosha mito mingi ya kati. Ya futi 15 namba 10 ni ya mito mipana, na inachosha mabega ya anayeanza. Ikiwa ya vipande vinne, ile ya futi 13 kila kipande ni kama mita moja, unaingia nayo kwenye basi bila kugombana na konda.

Fedha inayobaki iende kwenye mshipi unaolingana na namba ya fimbo. Fimbo nzuri yenye mshipi usiolingana nayo hairushi kitu. Na jifunze kabla ya safari, tena juu ya maji, kwa sababu mrusho huu unahitaji maji yaushike mshipi kidogo. Nyasi za uwanja wa mpira haziwezi. Ziwa Duluti pale Tengeru lina msitu hadi ukingoni, hakuna nafasi ya kurushia mshipi nyuma, na mrusho wa Spey ulibuniwa kwa ukingo wa namna hiyo hasa. Omba ruhusa kwa wahusika, funga kipande cha sufu badala ya ndoano, na vaa miwani.