Mzumbe ni porini? Sawa, na ndo utamu wenyewe

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa yakitoka malalamiko ni yaleyale, oh nimepangwa Chuo Kikuu cha Mzumbe, kule porini Morogoro nitafanya nini miaka mitatu. Wakishafika sasa, Ijumaa ikigonga tu mtu begi mgongoni anaenda Dar, na siku hizi kuna treni ya SGR hapo Moro ndo kabisa, wikiendi hosteli zinapoa. Mi naona ukimaliza digrii pale hujapanda milima ya Uluguru hata mara moja, umejipunja mwenyewe.

Ni kweli kampasi kuu iko mbali na mji, kilometa 20 na ushee, unashuka Sangasanga kwenye barabara kuu ya Iringa halafu unatafuta usafiri wa kuingia ndani. Sehemu za kutoka usiku hakuna za maana, hapo sibishi. Lakini mvua ikinyesha usiku, asubuhi toka nje uuangalie ule mlima ukungu unavyopanda taratibu, watu wanatoka Ulaya na hela zao kuja kuangalia hicho kitu, we unakipita unawahi kipindi macho yako kwenye simu.

Anza na Morningside, sehemu ya kule mlimani juu ya mji, ndo rahisi kwa mfuko wa mwanafunzi. Panda gari mpaka mjini, kutoka pale unapandisha kwa mguu mpaka kwenye ile nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, na uanze alfajiri maana jua la Moro likishachomoza halina utani. Njiani mtapishana na akina mama wa Kiluguru wanashuka sokoni, matenga ya kabichi na karoti kichwani, ndala miguuni, wanateremka kama wako kwenye lami, halafu wewe na raba zako umeshika kiuno unahema. Toa shikamoo na uwapishe, njia ni nyembamba na mwenye mzigo ndo mwenye njia. Na tafadhali mchukue kijana wa kulekule awaongoze na mumlipe vizuri, nimeona wasomi wanabishana kwa ajili ya hela ya soda mbili, aibu.

Ukifika juu angalia yale mashamba yalivyoning'inia kwenye miteremko. Hapo kuna kitu wanafunzi wa utawala wangepaswa kukijua kuliko nadharia zote za kwenye vitini: Mzumbe ilianza 1953 kama shule ya mkoloni ya kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa, na 1955 tu, kwenye milima hiyohiyo, Waluguru wakagoma wakakataa amri ya kuchimba matuta, ikawa vurugu kubwa. Yaani shule ya kutawala iko chini, wanaotawaliwa wako juu wamegoma, na leo mtu anasoma sera za umma hapohapo anaandika risechi kuhusu nchi nyingine kabisa! Halafu nyie mnaokimbilia Dar, mto Ruvu unaanzia kwenye milima hiyo na maji ya bombani huko Dar kwa sehemu kubwa yanatoka Ruvu.

Kitu kingine kinachonishangaza ni panya. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna mradi wa shirika la APOPO unaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, pia kunusa makohozi kutambua kifua kikuu. Panya ni mwepesi, akipita juu ya bomu halilipuki, akinusa baruti anakwarua ardhi na binadamu anajua hapa pana kitu. Mmoja alikuwa anaitwa Magawa, kazaliwa hapahapa Moro akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71, na 2020 Waingereza wakampa medali ya dhahabu. Panya wa Moro! Alitangazwa dunia nzima, ila muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale Mzumbe atakuuliza panya gani tena.

Bwawa la Mindu mnalipita kila mkienda mjini, kwa picha ya jioni linatosha, ila chupa zenu rudini nazo maana mji unakunywa maji yale.

Hifadhi ya wanyama ya Mikumi ndo watu wananidanganya sana. Mtu kapita na basi la Mbeya, kaona swala wawili na mgongo wa tembo dirishani, anakwambia Mikumi nimeshaenda. Hapana, hapo umepita barabarani, hifadhi ni nyingine ukiingia getini na kuzama kule bonde la Mkata. Na kutoka Mzumbe wala hurudi mjini, ni barabara hiyohiyo mbele. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka mchangishane darasa zima mkodi Coaster, kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi, hakifanani hata kidogo na dola wanazotoa wageni, hela hiyo wengine wanaimaliza kwa chipsi kuku usiku mmoja.

Angalizo tu, masika ikianza ile Machi njia ya mlimani inateleza vibaya mno, kwa hiyo kama ni Morningside pigeni Januari au Februari kabla mvua haijachanganya na tesiti hazijawabana. Mkibebana na mtu mwenye viatu vya kuuzia sura, muacheni abaki mjini aangalie mabegi.