Katumbi wa mwaka 2007 na pengo la Gécamines

Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, vijana wengi wanamjua Moïse Katumbi kama mpinzani tu: aliondoka nchini 2016 akiwa na kesi mgongoni, akarudi Mei 2019, na katika uchaguzi wa Desemba 2023 matokeo rasmi yakampa nafasi ya pili, asilimia 18 hivi kwa 73 za Rais Félix Tshisekedi. Kisha wanashangaa kumsikia mama au mjomba wao akilitaja jina hilo kwa upole, kama anayemtaja ndugu aliyesafiri. Hawakuwapo alipoanza. Mimi nilikuwapo, na nataka kusema tulichokiona, pamoja na kile tulichokosa kukitazama.

Huwezi kumwelewa Katumbi wa mwaka 2007, alipokuwa gavana wetu, bila Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Mwaka 1986 kampuni hiyo ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 2003 haikufikisha hata tani 20,000, na 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa fedha kidogo waende nyumbani, katika mpango wa Benki ya Dunia ulioitwa wa hiari. Aliyekulia mbali na migodi ataona ni habari ya kazi kupotea. Kwetu ilikuwa zaidi ya hapo. Tangu enzi za Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyoitangulia, kampuni ndiyo iliyotoa nyumba, shule, hospitali, na mfuko wa unga wa bukari, yaani ugali, kila mwezi. Wazee walisema kazi ni baba, kazi ni mama, na hawakuwa wakitia chumvi. Basi mji huu ulikuwa umefiwa.

Januari 2007, katikati ya msiba huo, bunge la jimbo la Katanga likamchagua gavana mtu wa miaka 42, tajiri tayari, rais wa klabu ya mpira ya TP Mazembe tangu 1997. Akasimama mbele ya watu akazungumza Kiswahili chetu hiki cha Katanga, pasipo kupitia Kifaransa cha ofisini. Barabara zikaanza kutengenezwa. Alizuia madini ghafi yasivuke mpaka wa Kasumbalesa, kuingia Zambia, kwenda kusafishwa kwa wengine. Na jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote: alizitaka kampuni za migodi zilime mahindi. Wachambuzi wa Kinshasa waliona ni kichekesho, mchimba shaba ashike jembe. Soko la Kenya, la hapahapa Lubumbashi, halikucheka. Mama anayepima unga kwa kopo alielewa siku hiyohiyo, kwa sababu mgodi kulisha watu ndiyo desturi aliyokulia nayo. Gavana alikuwa amegusa mahali penyewe.

Halafu mpira. Mazembe ikawa bingwa wa Afrika 2009, ikarudia 2010, na Desemba ya mwaka huo kule Abu Dhabi ikaifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Usiku ule nilikuwa Kamalondo, mtaa wa hapa mjini. Jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa fundi wa tanuri la shaba maisha yake yote, alitoka na sufuria ya mkewe akaipiga kwa mwiko mpaka mpini ukakatika, kisha akaketi ukingoni mwa mtaro, machozi yakimtiririka. Inter Milan ilitufunga 3-0 siku chache baadaye, na haikupunguza kitu. Tulikuwa tumeonekana tena duniani, na aliyetuonyesha alikuwa mmoja.

Hapo ndipo neno rais lilipoanza kutamkwa, kwanza kwa mnong'ono.

Sasa niseme upande wa pili, kwa kuwa haukukosa wasemaji hata wakati ule. Walikuwapo waliouliza inakuwaje mtu mwenye biashara iliyokua na migodi awe ndiye anayetawala jimbo la migodi. Jibu la mtaani lilikuwa tayari: tajiri hana haja ya kuiba. Sikulikubali wakati ule, silikubali leo. Shida haikuwa wizi tu. Gavana akitoa mfukoni mwake, hakuna anayeuliza fedha ya jimbo imekwenda wapi, na siku akiondoka hakuna daftari linaloonyesha deni letu kwake wala lake kwetu.

Wengine walikumbusha kuwa Lubumbashi si Katanga nzima. Watu wa Mitwaba, Manono na Pweto, kaskazini mwa jimbo, waliishi ndani ya kile kilichoitwa pembetatu ya mauti, vijiji vikichomwa na wapiganaji, na Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga, waliotaka Katanga ijitenge, wakaingia hadi ndani ya mji wetu. Haki itendeke: jeshi haliamriwi na gavana. Lakini sifa tulizozisambaza nchi nzima zilikuwa sifa za mjini, na mtu wa Manono alikuwa na haki ya kutozitambua.

La tatu ni chama. Alikuwa PPRD, chama cha Rais Joseph Kabila, mpaka Septemba 2015. Desemba 2014 aliuliza umati wa Lubumbashi kama wangekubali penati ya tatu ya uongo, na kila mtu akajua anazungumzia muhula wa tatu wa Kabila. Wapo wanaosema alichelewa miaka mingi. Mimi nasema kusema vile ukiwa bado ndani, na mengi ya kupoteza, kulihitaji moyo. Ila waliochelewa kumwamini siwalaumu.

Mwaka uleule wa 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne, gavana akajiuzulu, na upendo ukabaki bila mahali pa kushika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sisi tulimpenda kama unavyompenda aliyekuja kushika nafasi ya baba, na mtu wa Mbandaka, mbali kaskazini-magharibi, ambaye hakula unga wa Gécamines hata siku moja, hawezi kupenda hivyo. Ndiyo maana sioni asilimia 18 kuwa kipimo safi cha mtu huyu, achilia mbali kasoro za uchaguzi wenyewe. Na wakati sisi tulimtafuta baba ndani yake, wengine wakaanza kumuuliza baba yake ni nani: mwaka 2021 ukaletwa muswada wa kutaka rais awe na baba na mama Wakongomani, na baba yake Katumbi alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Muswada ule ulikuwa wa aibu. Kama kuna la kumpinga, lipo katika kazi yake, na nimelitaja hapo juu.

Juzi kijana mmoja wa Katuba alinionyesha kwenye simu video ya mwanasiasa mwingine anayeinuka, akigawa mifuko ya unga kutoka nyuma ya lori, watu wakiimba. Akaniuliza namwonaje. Nikamwomba airudishe nyuma, tutazame vizuri mifuko ile imeandikwa jina la nani.