Fidla ya Nashville na fidla ya Unguja

Katika jiji la Nashville, ambako mimi Mzanzibari nimelowea, mpiga fidla anaweza kukaa umri wake wote nyuma ya waimbaji na bado watu wakamjua kwa jina. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa marehemu Vassar Clements. Alizaliwa Florida mwaka 1928, akajifunza fidla mwenyewe bila mwalimu, na mwaka 1949 akaingia katika bendi ya Bill Monroe, yule anayeitwa baba wa blugrasi, muziki wa kantri wa ala za nyuzi. Angeweza kubaki humo na heshima yake ingetosha. Lakini mwaka 1972 alisikika katika santuri ya Nitty Gritty Dirt Band iliyowakutanisha vijana na wakongwe wa kantri. Mwaka uliofuata alikuwa na Jerry Garcia, mtu wa roki, katika kundi la Old and in the Way. Na mwaka 1987 akatoa santuri pamoja na bingwa wa jazi wa Ufaransa, Stéphane Grappelli. Tuzo ya Grammy aliipata mwaka 2005, miezi michache kabla ya kufariki.

Sidai kwamba ughaibuni kila mwanamuziki ameneemeka, kwani Clements mwenyewe aliwahi kufanya kazi nyingi za mikono, ikiwemo ufundi bomba katika kituo cha anga cha Kennedy. Ninachokisifu ni utaratibu: jina la mpigaji huandikwa kwenye jalada la santuri, na chama cha wanamuziki huweka kima cha malipo kwa kila kikao cha kurekodi, ambacho kwa kawaida ni cha saa 3, hivyo mpigaji hategemei hisani ya mwimbaji.

Kwetu Unguja ufundi wa namna hiyo upo tele. Mpiga fidla aliyekaa jana kwenye taarabu kati ya ala za nyuzi za udi na kanuni, akizifuata maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kwa utulivu, leo utamkuta kwenye kidumbak, muziki wa ngoma wa harusini, pamoja na sanduku (besi ya uzi) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha), akiikwaruza fidla ileile kwa nguvu ili harusi ichezeke. Ni mitindo miwili iliyo mbali kama blugrasi na jazi, na yote imo katika mkono mmoja. Hata hivyo tunamtaja mwimbaji na, tukijitahidi sana, mtunzi wa shairi. Hata anayeinuka kutunza humwendea mwimbaji. Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ipo tangu mwaka 1905, lakini naamini wapenzi wengi wa taarabu hawawezi kuwataja hata watatu kati ya wapiga fidla wake, na jambo hili linaniuma.

Chuo cha Dhow Countries Music Academy kinafundisha fidla Mji Mkongwe, nami nakishukuru. Lililobaki ni la klabu zenyewe na la wenye kanda za zamani: wakae na wazee wanaokumbuka nani alipiga wimbo gani, wayaandike majina hayo sasa, na kikundi kinaporekodi leo, mpiga fidla awe na mkataba wake wa maandishi sawa na mwenye sauti.