Chupa ya Mama Mwenye Nyumba

Usiku ule buti zilizobaki kwenye chumba cha kubadilishia nguo zilikuwa mbili, zote za mguu wa kushoto, zote namba 9. Mimi navaa 6. Wenzao wa kulia walikuwa chumba cha upasuaji, miguuni mwa watu. Kuingia leba na kandambili ni kujitafutia balaa, kwa hiyo nikavaa kushoto mbili na kuanza shifti nikitembea kama bata anayekata kona.

Aproni ya plastiki nayo ilikuwa fupi. Wanaoanza kazi hii wasikie: pindo la aproni lazima lishuke chini ya mdomo wa buti. Likiishia juu yake, kila kinachomwagika kinateremka kama mvua kwenye bati na kuingia moja kwa moja ndani. Na buti namba 9 kwenye mguu wa namba 6 ni ndoo.

Tulikuwa wauguzi wawili, kina mama 5. Saa 4 usiku akaingia binti wa mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita 4, uchungu mara 3 ndani ya dakika 10. Mumewe akanikabidhi kikapu. Kukagua kikapu mapema ni kazi muhimu, maana kilichosahaulika hukigundui mpaka mtoto ameshafika. Nikahesabu: mpira wa kutandika mita 1, glavu pea 4, pamba, vibanio vya kitovu 2, beseni, khanga doti moja. Doti moja ni ndogo. Khanga moja ya kumkaushia mtoto, nyingine kavu ya kumfunika, halafu mama abaki na nini? Nilikusudia kumwambia, nikasahau.

Chini kabisa kulikuwa na chupa ya chai ya maua mekundu, ya kioo ndani. Inasemekana aliniambia, "Sista, hii si yetu, ni ya mama mwenye nyumba. Kasema ikipasuka nihame." Mimi nilikuwa kwenye glavu ya tatu. Nikajibu "mmh", nikaiweka chupa kwenye kabati la zamu na kwenda kufungua patografu, ile karatasi ya kufuatilia maendeleo ya uchungu.

Saa 8 usiku nikampima tena: sentimita 8, palepale juu ya mstari wa tahadhari, yaani sentimita moja kwa kila saa. Mapigo ya mtoto 138. Kwenye kisanduku cha maji ya uzazi nikaandika herufi ya kuonyesha kwamba chupa, ule utando unaomzunguka mtoto, ni nzima. Kisha nikatoka kumpa baba kijacho taarifa, kwa sababu baba asiyepewa taarifa huanza kuchungulia dirishani.

"Anaendelea vizuri. Sentimita 8, chupa bado nzima."

"Alhamdulillah!" Akashika kifua. Nikafurahi moyoni: huyu alimsindikiza mke kliniki, anajua mambo.

"Ikipasuka nitakwambia," nikaongeza.

"Isipasuke, sista, nakuomba."

"Lazima ipasuke. Isipopasuka yenyewe tunaweza kuipasua sisi."

Akanitazama kama mtu aliyeibiwa mchana. "Muipasue? Kwa nini?"

"Ni utaratibu wa kawaida. Ila hatuipasui ovyo, tunasubiri kwanza kichwa kishuke."

"Kichwa cha nani?"

Nikamwona amechoka. Nikamweleza polepole kwamba ukiipasua kichwa kikiwa bado juu, maji yakitoka kwa kishindo yanaweza kuchomoa kitovu kikatangulia mbele ya mtoto, na hapo ni kukimbizana chumba cha upasuaji. Akatikisa kichwa kwa heshima. Halafu akanong'ona, "Sista, niko tayari kulipa isipasuliwe."

"Hailipiwi," nikasema kwa ukali, nikidhani nahongwa.

Saa 10 kasoro njia ikakamilika, sentimita 10, na chupa bado nzima. Nyingi hupasuka zenyewe kabla ya hapo. Hii ilikuwa imetuna mbele ya kichwa kama puto, kila uchungu ukija inachungulia, ukipoa inarudi. Kichwa kilikuwa kimeshuka vizuri, kwa hiyo ningeweza kuipasua taratibu katikati ya uchungu mmoja na mwingine, nikiwa ubavuni. Ubavuni, si mbele. Anayesimama mbele ya chupa iliyotuna ni sawa na anayesimama mbele ya bomba la zimamoto akiuliza kama maji yapo.

Nilikuwa ubavuni. Kisha fetoskopu, kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto, ikaanguka. Hatua ya pili, njia ikishakamilika, mapigo yanasikilizwa kila dakika 5, na dakika zilikuwa zimefika. Nikainama kuiokota upande wa miguuni, buti mbili za kushoto zikakanyagana, na nilipojishika kwenye kitanda ili nisianguke, uso wangu ulikuwa mbele. Uchungu ukaja. Binti akasukuma.

Nashukuru miwani ya kinga nilikuwa nimevaa. Vingine vyote vililowa, khanga moja ikiwemo. Nikabadilisha glavu, nikasikiliza mapigo haraka kuhakikisha kitovu hakijabanwa: 132. Rangi ya maji: safi, si ya kijani, kwa hiyo mtoto hajajisaidia humo ndani. Nikamsomea mwenzangu saa aiandike, yeye akawa anacheka hata kalamu haishiki.

Watu wengi hudhani maji yanaisha pale. Hapana. Mimba ikitimia huwa kuna kama nusu lita na zaidi, na kichwa kikishashuka huziba kama kizibo; ya mbele ndiyo hutoka kwanza, ya nyuma yanakuja na mwili wa mtoto. Saa 10 na dakika 35 mtoto akatoka, na ya nyuma yakafuata. Aproni ikayapokea, pindo likayamimina kwenye buti ya kushoto ya upande wa kulia. Khanga ya pili nayo kwaheri.

Mtoto akalia mara moja. Nikamkausha kwa shuka yetu ya akiba, nikamlaza kifuani kwa mama. Mwenzangu akahakikisha hakuna pacha tumboni, akamchoma mama oksitosini, dawa ya kukaza kizazi asitokwe na damu nyingi, yuniti 10 pajani, ndani ya dakika ya kwanza. Kitovu tukakibana mapigo yake yalipoisha, kondo likatoka baada ya dakika 8, zima. Kilichobaki ni khanga kavu. Nikavua glavu na aproni, nikanawa, nikatoka. Chwap, chwap, chwap.

Akainuka kwenye benchi. "Sista, chupa?"

"Imepasuka."

Akashika kichwa. "Yote?"

"Yote. Imenimwagikia mpaka ndani ya buti." Nikainua mguu asikie.

"Mungu wangu. Umeungua?"

"Hapana, ni vuguvugu tu."

Huzuni ikamtoka, hasira ikaingia. "Vuguvugu? Tangu saa 4 tu? Na anavyojisifu kwa mtaa mzima kwamba inatunza moto mpaka asubuhi!"

Nilikuwa natafuta jibu la swali hilo wakati mwenzangu alipotokeza mlangoni na chupa ya maua mekundu mkononi. "Hii chai ni ya nani? Mzazi ana kiu."

Akaitazama chupa. Akatazama buti zangu, moja baada ya nyingine, na nadhani ndipo alipogundua kwamba zote ni za kushoto.

"Sasa iliyopasuka ilikuwa ya nani?"

"Ya mwanao."

"Mwanangu yupi?"

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikuwa nimemwambia.

"Wa kike," nikasema. "Kilo 3.1. Umeleta khanga nyingine?"