Uzio wa Hallstatt: Wenyeji Walieleweka Vibaya

Mei 2023 kijiji cha Hallstatt, Austria, kilisimamisha uzio wa mbao pale wageni wanapopigia picha yake maarufu: mnara mwembamba wa kanisa, nyumba zilizobanana ukingoni mwa ziwa, na Milima ya Alps nyuma. Mitandao iliwaka, wenyeji wakaitwa wachoyo, na uzio ukang'olewa upesi.

Waliokasirika walikuwa na hoja. Eneo hilo limo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1997, na ni vigumu kumzuia mtu asitazame kitu ulichokwisha kukiita urithi wake. Barabara ni ya umma. Hoteli, mikahawa na mgodi wa kale wa chumvi vinaishi kwa fedha za watalii. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena kamera imeyafaa sana majengo ya kale: mwaka 1851 Ufaransa iliwatuma wapiga picha watano kuzunguka nchi wakirekodi majengo ya kihistoria yaliyohitaji kukarabatiwa.

Ila hebu tuitazame hesabu. Wakazi hawafiki 800. Msimu ukipamba moto, wageni hufika hadi 10,000 kwa siku moja. Kila mkazi, hata mtoto wa mgongoni, ana wageni zaidi ya kumi na wawili. Na hesabu hiyo bado haisemi yote, kwa sababu wageni hao hawatawanyiki. Aliyeletwa na basi ana saa chache tu, na picha ile alishaiona kwenye simu kabla hajafunga safari. Anachotaka ni kuipiga naye, kutoka pembe ileile. Basi maelfu wanasongamana kwenye mita chache za njia nyembamba, chini ya madirisha ya watu wanaouguza wagonjwa na kubembeleza watoto.

Kijiji hakina pa kutanukia, huku mlima, huku maji. Zamani hata makaburi hayakutosha: mifupa ilifukuliwa baada ya miaka kadhaa ili wengine wazikwe, na mafuvu yaliyochorwa maua na majina yamehifadhiwa hapo hadi leo.

Uzio haukukifunga kijiji wala haukumtoza mtu hata senti. Mwaka huohuo Portofino, Italia, iliweka maeneo ambayo anayezubaa kupiga picha angeweza kupigwa faini ya hadi euro 275. Kati ya mbao na faini, naona Hallstatt ilichagua upole. Ni kweli kwamba uzio ulimziba pia mpita njia mstaarabu, na kwamba umati ungeweza kusogea hatua chache tu na kuanza upya. Huo ni udhaifu wa dawa, ugonjwa bado upo.

Agosti wakazi waliziba barabara ya kuingilia kijijini. Walidai kikomo cha wageni kwa siku, na mabasi ya watalii yasiingie baada ya saa 11 jioni. Mpiga picha anayelala Hallstatt hapotezi chochote hapo: anapata mwanga wa machweo na wa alfajiri, na fedha zake zinabaki kijijini. Anayeguswa ni mwenye basi anayewashusha watu kwa ajili ya picha moja na kuondoka nao. Mjadala ungeanzia kwake, badala ya kuwasimanga wakazi kwa mbao zao.